Mashine Iliyojua Tatu

Mlango wa choo cha ofisi yetu haukuwa na komeo. Lilivunjika miaka ile ya foleni, wakati hata msumari uliombewa kibali, na mwaka huo wa 1994, misumari ikiwa imejaa tele madukani Musoma, hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Ukiwa ndani ukasikia viatu vinakuja, unapaza sauti: "Kuna mtu!" Meneja mwenyewe alipaza. Nautaja mlango huo mapema kwa sababu nitauhitaji baadaye.

Ofisi ilikuwa ya Umoja wa Wakulima wa Pamba, sisi tukiuita Umoja tu. Mimi ni Tereza, mtu wa Majita, binti wa mvuvi, na sipendi kuambiwa kitu kiko hivi au vile kabla sijakifungua nikaona ndani mna nini. Baba alikuwa akisema nitakuja kuolewa na bisibisi. Nilisomea kompyuta, nikarudishwa Musoma kwa kazi moja: kuitoa akili ya mashine kongwe ya Umoja na kuiingiza kwenye mashine mpya, ndogo, za mezani.

Mashine kongwe ilijaza chumba kizima. Iliingia nchini muda mfupi kabla serikali haijapiga marufuku kuleta kompyuta, kwa hiyo ilizeeka bila ndugu wala vipuri. Mkanda wake mmoja ulikuwa wa cherehani. Ilikaa juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, nyaya zikipita chini yake, na kiyoyozi kikinguruma kutwa nzima. Programu yake ilikuwa imetobolewa kwenye kadi, maelfu ya kadi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Kobol, na ndiyo iliyojua mambo yote: nani mwanachama, shamba lipi ni lake katika mashamba ya Umoja, ana mke na watoto gani, na akifa shamba linakwenda kwa nani.

Kuiandika upya yote kwa mkono kungechukua miaka, na miaka hatukuwa nayo. Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanapishana barabarani kati ya Musoma na Bunda kwa magari yanayong'aa, na Umoja ulikuwa unakimbizana nao ukiwa na viatu vya zamani. Kwa hiyo nilitengeneza programu ya kutafsiri programu. Unailisha Kobol, inaisoma mstari kwa mstari, inapambanua kila mstari unataka nini, kisha inaandika kazi ile ile kwa lugha mpya. Niliiita Mfasiri, na kwa kuwa nilikaa naye sana nikawa namhesabu kama mtu. Alikuwa pia na hatua ya kusafisha: akikuta kwenye kumbukumbu za wanachama namba isiyo na maana, anairekebisha au anaitupa. Hatua hiyo niliipenda kuliko zote. Mfasiri alipomaliza programu nzima bila kukwama, nilijisikia kidume.

Ndipo akaja Gati.

Alikuwa mama wa makamo, miguu imejaa vumbi la Kiabakari, khanga nyeusi ya msiba kiunoni. Makarani wote walikuwa wamekwenda kunywa chai, akaniona mimi tu, akakaa mbele yangu bila kukaribishwa.

"Dada, nimeambiwa jina langu halipo."

"Unaitwa nani, mama?"

"Gati. Mama Matiko. Shamba letu liko Kiabakari, lile linapakana na korongo. Mwenye shamba amefariki, nimekuja libadilishwe liwe la watoto. Kijana wa dirishani anasema kompyuta imekataa, shamba halina mtu."

Nikaligeukia shamba lake kwenye mashine mpya. Mwanachama: Dafroza. Mwanamke. Amefariki. Mume: hakuna. Watoto: hakuna. Na chini kabisa: shamba lirudi kwa Umoja. Nilijua maana ya mstari huo wa mwisho. Mashamba yote yaliyokosa mrithi yalikuwa yapewe mnunuzi mmoja aliyetaka pa kujenga maghala, na alitaka kuyazungushia ua kabla ya mvua za kupandia.

"Nyumba yetu iko humo humo," Gati akaongeza. "Na kaburi lake."

"Dafroza alikuwa mama yako?"

"Dafroza ni mume wangu."

Mtu wa Dar es Salaam angedhani amesikia vibaya. Mimi ni wa Mara, ingawa sisi wa mwambao wa ziwa mambo hayo tunayasikia zaidi kuliko kuyaona, nikaelewa mara moja. Ni nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, au hakupata wa kiume wa kushika mji wake, anatoa ng'ombe anaoa mwanamke mwenzake. Yule mke anazaa, na watoto ni wa nyumba ya huyo aliyetoa ng'ombe. Aliyewazaa kwa upande wa kiume ni mpita njia, hadai kitu.

"Nyumbani nilikuwaga namuita mama," Gati akasema. "Lakini ng'ombe alitoa yeye. Kwa hiyo kwa mambo ya ofisi ni mume. Na ofisi ilikuwaga inajua! Ile mashine kubwa ilikuwaga inaniandika mke, watoto inaandika watoto. Hii ndogo ndiyo hainijui. Kwani nimekosa nini?"

Kwanza nilikasirika, kwa niaba ya Mfasiri wangu. Hasira ikapita, ikabaki hamu ya kujua. Mashine iliyoletwa kutoka ng'ambo, iliyofundishwa na vijana wa mjini, ilijuaje habari za nyumba ntobhu?

Nikamwacha Gati kitini, nikaingia chumba cha baridi, nikaiuliza mashine kongwe habari za Dafroza. Ikanichapia kwenye karatasi: mke, Gati, watoto, Matiko na wadogo zake. Na pale pa jinsia, ambapo moja ni mwanamume na mbili ni mwanamke, palikuwa na tatu.

Nikasimama na karatasi mkononi mpaka nikaanza kutetemeka kwa kiyoyozi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mfasiri aliikuta tatu, akaona haina maana, akaisafisha ikawa mbili. Dafroza akawa mwanamke kama wanawake wengine, na kwa sheria ya programu mwanamke hana mke, kwa hiyo Gati akatolewa, na watoto wakamfuata mama yao nje. Ndani ya Kobol nilipapata mahali penyewe: kama jinsia ni moja au tatu, uliza habari za mke. Hakuna maelezo hata neno moja. Na kwa kuwa tatu zote zilikuwa zimesafishwa, Mfasiri aliona hapo hapana tena wa kupita, akapaziba.

Nikaenda kwa meneja. Stanislausi alikuwa mtu mwema aliyeogopa kitu kimoja tu duniani, kuchekwa na wafadhili waliotupa zile mashine mpya. Alifunga tai hata siku za joto la kumwaga jasho.

"Tereza, hilo ni kosa la mashine ya zamani," akasema. "Ya kwako imelisahihisha. Si ndiyo kazi tuliyokuitia?"

"Mkataba unasema mpya ifanye kama ilivyofanya ya zamani."

"Isipokuwa makosa. Soma mbele. Makosa yasihamishwe."

"Na kama si kosa? Kama mtu alikusudia?"

"Basi nionyeshe kwamba alikusudia. Ripoti ya mashamba inakwenda kwa mnunuzi Ijumaa. Mimi niwaambie wafadhili pamba yetu ina jinsia tatu? Hapana, injinia. Hapana kabisa."

Nilimchukia kidogo, lakini swali alilonipa lilikuwa zuri, na nilijua ni zuri. Kosa au kusudi? Ukiingia kwenye programu ya mtu mwingine, swali ni hilo hilo kila siku. Ni kama kukuta ukuta wa nyumba umepinda: fundi alikuwa amelewa, au alikuwa anakwepa mwamba? Ukuta wenyewe hausemi. Na safari hii ukuta ukivunjwa ulikuwa unamwangukia Gati na watoto wake.

Aliyeandika ile programu nilimjua kwa jina. Ni Abdulkadiri, mtoto wa fundi cherehani wa Musoma mjini, jambo lililonieleza ule mkanda. Alipunguzwa kazi wakati wenzake wengi walipopunguzwa, akahamia Bunda, mtaa wa Nyasura, anatengeneza redio. Nikaomba Land Rover ya Umoja, ile ya kusukuma kwanza. Gati akawa wa kwanza kupanda.

"Mama Matiko, nakwenda mwenyewe. Nitakuletea majibu."

"Shamba ni la nani?" akaniuliza.

Nikaingia, tukaenda. Tulipofika Kiabakari alinigusa bega akanionyesha kwa mkono: paa la bati lenye kutu, mihogo, mabua ya pamba ya msimu uliopita, na pembeni lundo la mawe mapya juu ya kaburi. Ukingoni, kufuata korongo, vilikuwa vimechomekwa vigingi vyenye vitambaa vyekundu.

"Vimewekwa lini?"

"Nimetoka asubuhi havipo," Gati akasema.

Njia iliyobaki alizungumza habari za Dafroza. Alikuwa mrefu, sauti nzito, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili hata baada ya padre kumnyima sakramenti kwa ajili ya kuoa. Alikaa benchi la mwisho na kuimba kwa nguvu kuliko kwaya. Shamba alilipata kwa kung'oa visiki mwenyewe. Hakupenda mtu amwambie jambo haliwezekani. Nikajiona namfahamu.

Tulimkuta Mzee Abdulkadiri barazani kwake, kofia kichwani, matumbo ya redio yametapakaa mbele yake juu ya mkeka. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, nikampa kurasa za Kobol yake. Alivaa miwani, akaanza kusoma huku akitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. "Hapa nilikuwa hodari," akasema. "Na hapa. Angalia hapa, binti, nilivyobana nafasi." Kisha akafika penye tatu, uso ukakunjana.

"Huu ujinga kaandika nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi? Hapana. Moja mwanamume, mbili mwanamke. Tatu ya nini?"

"Ndilo lililonileta."

Akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akatikisa kichwa. "Hili litakuwa kosa tu, binti. Kadi zilituishia, tukawa tunakata maboksi ya dawa tunatoboa hayo. Tundu moja likikaa vibaya, mashine inasoma mambo yake. Litakuwa hilo."

Simlaumu mzee kwa kusahau; mimi huisoma kazi yangu ya mwaka jana nikatamani kumjua mpumbavu aliyeiandika. Lakini kama ile tatu ilikuwa tundu tu kwenye boksi la dawa, basi Stanislausi alikuwa sahihi, na vile vigingi vilikuwa na haki ya kukaa pale. Gati naye alielewa. Mikono yake ilikuwa imekamata pindo la khanga na haikuachia.

"Mzee," akasema polepole, "hukumbuki mama mmoja alikuja kwako na kuku?"

Abdulkadiri akainua kichwa. "Kuku gani?"

"Mume wangu alikuwaga anasimulia kila mwaka tukichambua pamba. Anasema alikuja Musoma kukuomba jambo, akakuletea kuku. Kwetu huwezi kwenda kwa mtu kumuomba na mikono mitupu. Sasa kuku akamponyoka."

Bisibisi ikamdondoka mzee. "Yule mwekundu!" akapiga kelele. "Lahaula! Yule kuku mwekundu aliyeingia chini ya sakafu!"

Akacheka mpaka akavua miwani. Alipopata pumzi, mambo yakaanza kumrudia moja baada ya jingine, na sisi tukaketi kabisa kusikiliza.

"Alikaa mlangoni kwangu tangu tunafungua," akasema. "Mama mrefu. Ana kuku kwapani na msichana amebeba mtoto mgongoni."

"Mimi huyo," Gati akasema. "Na Matiko."

"Ni wewe? Mungu mkubwa. Akaniambia, niandike mimi ni mume, huyu mke wangu, huyu mtoto wetu. Nikamwambia mama, mashine hii inajua wanaume na wanawake tu. Ina moja na ina mbili. Mwanamke mwenye mke haimjui. Akaniangalia hivi, kutoka juu mpaka chini. Akasema, haijui? Basi ifundishe."

"Ndiye yeye," Gati akasema.

"Nikamwambia haifundishiki. Na pale pale kuku akaruka! Akaingia kwenye tundu la nyaya, chini ya sakafu, anakimbia huku na huku, waya umechomoka, mashine ikazima puu. Ofisi nzima tukapiga magoti. Meneja wa wakati ule na suti yake, yuko chini na ufagio anamwita kuku. Tulipomtoa, ilibidi tungoje mashine ipoe ndipo tuiwashe. Sasa nimekaa pale sina kazi, na yule mama bado yuko mlangoni, hajasogea. Nikaona aibu. Kwa sababu nilimdanganya. Mashine inafundishika, mimi pale niliwekwa kazi gani nyingine? Nikachukua kadi nikatoboa."

"Mbona hukuandika sababu, mzee?" nikamuuliza. "Hata neno moja?"

"Ningeandika angeisoma yule meneja. Alikuwa akihubiri kila mkutano kwamba mila hizi zife. Angezichomoa kadi zangu siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Halafu wakaja wenzake, wa Butiama, wa huku Bunda ndani, kila mmoja na kuku wake, nikawapa tatu wote. Mwisho hata mimi nikasahau kwamba kuna siku ilikuwa haipo." Akatikisa kichwa. "Kuku nimemkumbuka miaka yote hii. Mama mwenyewe ndiye aliyenitoka."

Gati akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu akayaacha yashuke, na baadaye aliniambia hakuwa amelia hivyo hata siku ya maziko. Kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyemwona Dafroza wake amesimama mlangoni, kijana, mkaidi, na kuku kwapani. Mimi nilitazama redio, maana nami macho yalikuwa yananisumbua.

Lakini nilimjua Stanislausi. "Mzee, meneja wangu hatakubali. Atasema watu wawili wamekumbuka kuku."

"Usimpelekee mimi," Abdulkadiri akajibu, sasa akiwa amechangamka. "Mpelekee mashine. Mwambie aipe mtu mwenye jinsia ya nne."

Nikamwangalia. Kisha nikajipiga paji la uso. Nilikuwa nimeisoma ile programu juu chini wiki nzima, na jambo la kuiuliza mashine yenyewe halikunijia.

Nilimwomba tuandamane, akakataa. Alisema hataki kuiona inavyosubiri kuvunjwa. Tulipokuwa tunasukuma gari alitufuata mpaka barabarani. "Ule mkanda," akauliza, "bado ni wa cherehani?" Nikamwambia bado. Akafurahi sana.

Siku ya Alhamisi asubuhi nilimwingiza Stanislausi chumba cha baridi na tai yake, nikamsimulia kisa cha kuku, nikamketisha kwenye kibodi ya mashine kongwe. Gati alisimama nyuma yangu. Meneja alimwona, akaamua kutouliza.

"Andika mwanachama wa uongo," nikasema. "Jina lolote."

Akawaza, akaandika: Sato Sangara, majina ya samaki wa ziwa letu. Nilishangaa, sikujua kama ana mzaha ndani yake.

"Jinsia weka nne."

Akaweka nne. Mashine ikatafuna kidogo, ikachapa: KOSA. JINSIA HAIJULIKANI.

"Weka tano."

KOSA. JINSIA HAIJULIKANI.

"Weka sifuri. Weka tisa. Weka unachotaka."

Aliweka, na kila mara ilimrudishia maneno yale yale. Akanigeukia. "Haya. Inakataa. Nimeona."

"Sasa weka tatu."

Akabonyeza tatu. Safari hii mashine ilikaa kimya kidogo, ule mkanda wa cherehani ukisikika unazunguka. Kisha ikachapa: IMEPOKELEWA. TAJA JINA LA MKE.

Stanislausi aliisoma karatasi, akaisoma tena, akaifuta kwa kidole kana kwamba maneno yale ni vumbi.

"Kosa halichagui, meneja," nikamwambia. "Kama lingekuwa tundu limetoboka vibaya, isingejua kuikataa nne. Inakataa nne, inakataa tano, inakataa sifuri, halafu ikifika tatu inauliza jina la mke. Kuna mtu alikaa chini akafikiri."

"Inauliza jina la mke," akarudia, kwa sauti ndogo.

"Gati," akasema Gati kutoka nyuma. "Andika Gati."

Meneja akakohoa. "Na wako wengi wenye hii tatu?"

"Wengi. Kiabakari, Butiama, ndani ya Bunda. Wengine wazima, wengine wamefariki. Mashamba ya hao waliofariki yote yamo kwenye ripoti yako ya kesho."

"Na wake zao wote watakuja hapa."

"Watakuja."

"Na kuku wao," Gati akasema.

Stanislausi aliitazama ile sakafu ya mbao, kama mtu anayemwona kuku wa kwanza tayari. Akalegeza tai. Sidhani ni mashine peke yake iliyomshinda. Alikuwa mtu wa Mara naye, na kuna shangazi au bibi wa namna hiyo katika kila ukoo. Lakini hakusema, nami sikumuuliza.

"Watoe kwenye ripoti," akasema. "Wote wenye tatu. Na wafadhili wakiuliza, waambie ndio utaratibu wa hapa. Vile vigingi nitatuma mtu avitoe."

"Usisumbuke," Gati akamwambia. "Nilishavitoa jana jioni. Nimevipikia ugali."

Sikuigusa kwa mkono ile tafsiri ya kwanza. Ningeweza kumrudisha Dafroza peke yake kwa kuandika mistari michache, lakini wenzake wangebaki nje. Nilimfundisha Mfasiri mwenyewe: tatu ni halali, isisafishwe, na mlango wake usizibwe. Kisha nikamlisha kadi zote upya kutoka mwanzo. Gati alikaa kando yangu akitazama mistari inavyopanda kwenye kioo. Alikuwa akisoma taratibu, kwa kidole, na mimi nilitamani mashine iende pole zaidi kwa ajili yake.

Nikamfungulia shamba la Kiabakari. Dafroza. Mume. Amefariki. Mke: Gati. Watoto: Matiko, na wadogo zake wote kwa majina.

Gati aliweka kidole juu ya jina la Dafroza, akashuka mpaka lake, akashuka mpaka la Matiko. "Tumo," akasema.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini mikono yangu haikutoka kwenye kibodi. Niliwaza kwamba hata mashine hizi mpya zitakuja kuwa kongwe. Siku moja atakuja mtu mwingine kama mimi, mwenye Mfasiri hodari kuliko wangu na ufagio mkubwa zaidi, atakuta tatu, na Mzee Abdulkadiri hatakuwepo wa kuulizwa. Zamani kadi zilikuwa haba na meneja alikuwa mkali. Sasa nafasi ilikuwa tele na meneja amelegea. Kwa hiyo juu ya ile sheria nikaandika maneno ambayo mashine huyaruka na watu huyasoma.

"Unaandika nini tena?" Gati akauliza.

Nikamsomea: "Tatu ni mwanamke aliyeoa mwanamke, nyumba ntobhu. Si kosa. Usisafishe. Kuna mtu ndani."

Akaangua kicheko, maana asubuhi ile ile alikuwa chooni mwetu, Stanislausi akasukuma mlango, na akapata kuyasikia maneno hayo kwa sauti ya Gati nzima nzima. Tulicheka wote mpaka makarani wakaja kuchungulia. Kisha akayatazama yale maneno kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Watasahau tu," akasema. "Hata yule mzee alitoboa kwa mkono wake, na alisahau. Weka na kuku."

Nikaweka na kuku, na rangi yake.